Kamusi ya simu ya elfu kumi na nane na neno "glean": maoni yangu baada ya miezi mitano

Habari za saa hizi wadau. Hii apu ya kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili nimeilipia mwezi wa pili, elfu kumi na nane kwa mwaka mzima, na naitumia karibu kila siku maana kazi yangu ndo hiyo, nazunguka na madodoso vijijini huku Dodoma na Singida halafu nikirudi mjini nakaa natafsiri ripoti, za Kiingereza kuja Kiswahili na za Kiswahili kwenda Kiingereza. Jina la apu sitalitaja kwa sababu shida nitakayoieleza sio yake peke yake, nimejaribu nyingine mbili za bure na zote zina ugonjwa uleule. Ila kama wewe ni mtafsiri, mwalimu, mwanafunzi wa chuo, au unafanya kazi na mashirika yanayoandika ripoti za kilimo, soma mpaka mwisho kabla hujatoa hela.

Mazuri yapo. Inafanya kazi bila bando na kwangu hilo ni kubwa kuliko yote, ukishaiacha barabara kuu ya Morogoro ukaingia ndani kilomita kumi na kitu mtandao unakuja ukijisikia, kwa hiyo kamusi inayotaka intaneti huko haina kazi. Haili chaji. Ina sauti ya kukutamkia neno na sauti yenyewe inasikika vizuri hata ukiwa ndani ya gari. Maneno ya ofisini ya kila siku, ya bajeti, mikataba, mikutano, afya, iko vizuri sana na hapo sina lawama kabisa, imeniokolea muda mwingi.

Sasa tuje kwenye "glean".

Mwezi wa sita nilipewa muhtasari wa ripoti ya maisha ya kaya kwenye vijiji vitatu vya Kongwa, niutafsiri haraka ili usomwe kwenye mkutano wa kuwarudishia wanakijiji matokeo. Kwenye orodha ya njia ambazo kaya zinazoongozwa na wanawake zinapata chakula kulikuwa na vibarua, kuuza kuni, kupika pombe ya kienyeji, halafu hilo neno. Nikafungua apu. Ikanipa jibu la neno moja, "kusanya". Hakuna mfano wa sentensi, hakuna maelezo, hakuna hata dalili kwamba hilo neno limetokea shambani. Ilikuwa saa tano usiku na mkutano ni kesho yake saa nne asubuhi, nikaandika "kukusanya mazao kwenye mashamba ya watu baada ya mavuno", nikasoma nikaona imekaa vizuri, nikalala.

Kesho yake tumefika, tumesalimiana mbukwenyi mbukwenyi, mwenyekiti wa kijiji kafungua kikao, nikasimama chini ya mbuyu nikaanza kusoma. Nilivyofika kwenye ile sentensi nikaona kinamama wa mbele wanaangaliana. Nikaendelea mistari kama miwili hivi, bibi mmoja mtu mzima sana akanyoosha mkono, akainuka na fimbo yake, akasema "Binti, hebu rudia hapo." Nikarudia. Akasema hivi, nayaandika kama nilivyoyasikia, "Sisi hatukusanyi mazao ya mtu. Anayekusanya mazao kwenye shamba la mwenzie huyo ni mwizi, na hapa kijijini wezi tunawajua. Sisi tunaokoteza."

Watu wakanyamaza. Mwenyekiti akauliza kama hiyo karatasi inaenda wilayani hivyohivyo ilivyo. Mama mwingine, huyu kijana tu mwenye mtoto mgongoni, akasema mwaka huu kuna mashamba wameanza kukatazwa kuingia na sasa mwenye shamba akisikia serikali nayo imeandika kwamba wanakusanya mazao ya watu si ndo atapata la kusema. Nikamwomba bibi radhi palepale mbele ya watu, nikawaomba radhi na kinamama wengine, nikaifuta ile sentensi kwa kalamu huku wananiangalia. Kikao kiliendelea lakini nilitetemeka mpaka mwisho, kwa sababu hawa ni watu walionikaribisha majumbani kwao, wakakaa na mimi saa nzima nzima wanajibu maswali ya dodoso tena mengine ya kuchosha, halafu nawarudia na karatasi inayowaita wezi.

Baada ya kikao nikamfuata. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, kaa hapa." Hakuwa na hasira tena. Akanieleza kuokoteza ni nini, na nasema kweli nusu saa ile ilinifundisha kuliko apu ilivyonifundisha miezi yote.

Kwanza mwenye shamba lazima awe amemaliza. Amevuna, amebeba, na mara nyingi mwaka mbaya yeye mwenyewe anarudia shamba mara ya pili kupitia yaliyobaki, na wewe unasubiri mpaka amalize na hiyo ya pili. Ukiingia kabla umeiba, hata kama umechukua konzi moja. Ukiingia baada, umeokoteza, na hakuna mwenye akili atakayekufukuza. Unapita kwanza nyumbani kwake unasalimia, hiyo sio kuomba ruhusa hasa ila ni adabu, ajue ni wewe. Lundo halisogelewi. Pembeni alikoacha mabua yamesimama hakuguswi mpaka aseme. Na kuna haraka, kwa sababu shamba likishavunwa ng'ombe wanafunguliwa kuingia kula mabua, wakishapita ng'ombe hakuna cha kuokoteza tena, kwa hiyo kati ya mwenye shamba kutoka na ng'ombe kuingia kuna siku chache tu na hizo ndo za kinamama na watoto.

Karanga ndo zina kazi kuliko zote. Mkaranga ukiung'oa kwenye udongo uliokauka, zile zilizokomaa sana zinakatika zinabaki chini, kwa hiyo anayeokoteza karanga anachimbua mchanga kwa kijiti au kijembe kidogo, anachakura kama kuku, punje hapa, punje pale, ameinama tangu asubuhi. Bibi alisema siku mbaya ni bakuli, siku nzuri kisado. Mtama na uwele ni kuokota masuke yaliyoanguka au yale mafupi mafupi ambayo mvunaji hakuyaona. (Ukitaja Kongwa na karanga wengi wanakumbuka ule mpango mkubwa wa Waingereza ulioanza 1947 ukaachwa 1951, matrekta na mamilioni ya hela za Uingereza, ukafeli. Karanga za kinamama zipo mpaka leo.)

Nilivyorudi mjini nikatafuta kamusi ya karatasi. Kuna moja kuukuu pale ofisini, gamba limetoka, imefungwa na selotepu, kurasa za herufi Z hazipo kabisa, na kwenye "glean" imeandika maneno machache tu lakini neno la kwanza ni masazo. Masazo ya mavuno. Pale nilikaa kimya kidogo. Kamusi isiyo na betri wala sauti wala apdeti ilikuwa na jibu mezani kwangu siku zote, na mi nilikuwa nimelipia ile nyingine.

Na angalia uzuri wa hilo neno. Masazo yanatokana na kusaza, na kusaza kuna mtu anayesaza, ndo maana tunasema fulani ana kula na kusaza, yaani kashiba na cha kubakiza kipo. Mabaki yamebaki tu yenyewe. Masazo kuna mtu kayaacha. Ukisoma Mambo ya Walawi sura ya 19 mwenye shamba anaamriwa asivune mpaka kwenye pembe za shamba lake, na shamba la mizabibu asilipitie mara ya pili, wala zabibu zilizodondoka asiziokote, amwachie maskini na mgeni. Sisi tunaokaa na mizabibu ya Hombolo na Mpunguzi hapo jirani tunaelewa picha hiyo bila kuchorewa. Ruthu naye alikuwa mjane na mgeni, akaenda kuokoteza shayiri nyuma ya wavunaji kwenye shamba la Boazi, na Boazi akawaambia vijana wake wachomoe masuke kwenye miganda wayaache makusudi ili ayapate. Hiyo ndo picha iliyoko ndani ya "glean", na ndo picha ya yule bibi na fimbo yake. Kusanya haina picha hiyo. Kusanya unakusanya kodi, unakusanya watu, unakusanya michango ya harusi, na chako unakusanya chote.

Nikaendelea kutafuta maana lilikuwa limeniganda. Neno lenyewe Waingereza wamelitoa kwa Wafaransa, hata leo Kifaransa ni "glaner", na huko Ufaransa mchoraji Jean-François Millet mwaka 1857 alichora wanawake watatu wameinama kwenye shamba la ngano lililokwishavunwa, nyuma yao kwa mbali kabisa marundo makubwa ya mwenye mali. Uchoraji huo upo Paris. Niliuangalia kwenye simu nikaona migongo ileile ya Kongwa, mmoja hata mkono wake mwingine kauweka nyuma kiunoni kama kinamama wetu wanavyofanya mgongo ukiuma. Na la pili lililonigusa zaidi, Uingereza mwaka 1788 kulikuwa na kesi, Steel na Houghton, na mahakama ikaamua kwamba mtu hana haki ya kisheria kuingia kwenye shamba binafsi kuokoteza baada ya mavuno. Yaani lile swali la bibi chini ya mbuyu, tunaokoteza au tunaiba, wenzetu lilifika mpaka kwa majaji, na maskini wakashindwa. Kwa hiyo mtu asiniambie ni neno dogo.

Sasa upande wa pili wa neno, na hapa ndo wengi wetu tunakutana nalo zaidi siku hizi. "Glean" ya kwenye magazeti na ripoti mara nyingi haihusu mahindi wala karanga, inahusu habari. Mwandishi anasema ame-"glean" habari kutoka kwa watu watatu wanne, mtafiti ame-"glean" kutoka kwenye mafaili ya zamani. Picha ni ileile ya shambani, habari haikukabidhiwa kwenye sinia, uliinama, uliitafuta, ilikuja punje punje, na nyingine mwenyewe aliyeidondosha hakujua kaidondosha. Ndo maana mara nyingi linaenda na "from", lazima kuwe na shamba ulipotoa. Ukisomewa tangazo la ofisini lote mwanzo mwisho huja-"glean" kitu, umeambiwa tu. Lakini ukikaa kwenye kikao ambacho wakubwa hawataki kusema ofisi inahamia lini, huyu kaulizia bei ya kupangisha, yule kasema watoto wahamishwe shule mwezi wa kwanza, mwingine kachelewa kununua meza mpya, ukayaunganisha ukajua, hapo ume-"glean". Watu wa Dodoma miaka hii ambayo wizara zimehamia hapa wote tumefanya hivyo. Hata gazeti la Jamaika lililoanza mwaka 1834 linaitwa The Gleaner, mwokotezaji, na kwa gazeti ni jina zuri kweli.

Kwenye maana hii apu ilijitahidi zaidi kidogo, ukisogeza chini kabisa kuna "pata habari". Lakini ni hivyohivyo tu. Pata habari zipi? Kwa njia ipi? Ukimwambia mtu "nimepata habari" anaweza kufikiri umepigiwa simu.

Na hapa nataka niwe mkweli kwa sababu mwanzoni nilikimbilia nikasema basi, okoteza ndo jibu la kila mahali, nikaanza kuiweka kwenye tafsiri zangu zote. Sio. Kwenye shamba okoteza ni neno zuri lenye heshima, ila kwenye habari Kiswahili chetu kimelipaka matope. Ukisema "habari za kuokoteza" unamaanisha za mtaani, hazina mguu wala kichwa. Maneno ya kuokoteza. Kiingereza cha kuokoteza. Sasa ukiandika kwenye ripoti kwamba mtafiti ameokoteza taarifa kwa wazee wa kijiji umemharibia jina, wakati Kiingereza kilikuwa kinamsifu kwamba kahangaika. Rafiki yangu anayefundisha sekondari huko Chamwino nilimtumia sentensi ya namna hiyo kwa meseji bila kumwambia kitu, akajibu "kwani huyo mtafiti alikuwa mbabaishaji?" Basi nikajua.

Kwa habari tuna maneno yetu mawili ambayo hakuna apu iliyonipa na yote yanatoka kwenye punje punje vilevile. La kwanza ni dondoa. Kuku anadondoa nafaka, mama anadondoa mchele kutoa mawe, na kutoka hapo tumepata dondoo, zile nukta unazoandika kwenye daftari kutoka kwenye hotuba au kitabu. Angalia, Kiswahili kimetembea njia ileile ya "glean", kimetoka kwenye nafaka kikafika kwenye habari, bila kumuuliza Mfaransa wala Mwingereza. La pili ni dodosa, kuuliza polepole kwa kuzunguka mpaka mtu aseme, na ndo limetuzalia dodoso ambalo mi nazunguka nalo vijijini kila siku. Nilikuwa nalibeba kwenye mkoba na sijawahi kulifikiria hata siku moja. Kwa hiyo sa hivi nikikutana na "glean" ya kwenye maandishi naandika dondoa, nikikutana na ya kwenye mazungumzo na watu naandika kudodosa au kujua kwa kudodosa, na ile ya mtu aliyeunganisha dalili ndogo ndogo akapata picha nzima naandika ng'amua. Zile za Kiingereza za kusema "kwa nilivyoweza ku-glean" naandika "kwa kuunganisha niliyoyasikia hapa na pale", ni ndefu ila ndo Kiswahili.

Shambani naandika kuokoteza masazo. Maneno mawili pamoja, kwa sababu nimegundua ukiandika okoteza peke yake watu wa mjini wanafikiria chupa za maji na vyuma chakavu, wale vijana wanaopita na viroba asubuhi. Kazi yao halali kabisa lakini sio hii. Ukiongeza masazo kila mtu anarudi shambani.

Kibaigwa pia. Kama umewahi kupita soko la mahindi la Kibaigwa msimu umechanganya utaona makuli wanashusha na kupakia, gunia likichanika punje zinamwagika, na kuna kinamama na mafagio na ungo wanafuata nyuma, wanafagia, wanapepeta, wanatoa mchanga na vijiti, jioni mtu ana kisado chake cha mahindi. Je hiyo nayo ni "glean"? Mi nasema ndiyo, kwa sababu mwenye gunia kashaondoka na gunia lake na kilichobaki asingeinama kukiokota. Nilimuuliza mmoja pale anaiita nini kazi yake akanijibu "nafagia", basi. Sitamlazimisha kamusi yangu, kwake ni kufagia na kwenye tafsiri nitaandika alivyosema yeye.

Turudi kwenye apu maana kuna mengine. Ukianza kuandika "glea" inakuletea "gleam" juu kabisa, ambayo ni kung'aa, kumetameta, haina undugu wowote na hii. Ukiwa na haraka kidole kinagusa hiyo. Nimeona mwanafunzi mmoja wa chuo kwenye daladala ya kwenda UDOM kaandika kwenye kazi yake kwamba data "ziling'aa kutoka kwa wakulima", nikamweleza, akafungua simu yake na kumbe ana apu hiihii. Hapo kosa la kijana ni dogo, wangeweka mfano mmoja wa sentensi asingekosea. Kutamka pia, sauti inasema vizuri "glin" ya kuvuta kidogo lakini haikuonyeshi kwamba mwisho ni N na sio M, na kwa masikio yetu hizo mbili mwishoni mwa neno zinachanganya sana.

Matangazo hakuna ukishalipia, hilo wametimiza. Huduma kwa wateja niliwaandikia mwezi wa sita hukohuko Kongwa jioni nilivyopata mtandao, nikawaeleza kisa chote kwa kirefu, nikawaandikia na maana ninazopendekeza pamoja na mifano. Walijibu baada ya siku tatu, kwa adabu, wakasema wamepokea na watalifanyia kazi. Apdeti imekuja mara mbili tangu hapo. Rangi ya vitufe imebadilika, kuna kitu cha kuhesabu siku ulizojifunza mfululizo, na "glean" bado ni "kusanya". Hiyo imeniuma, nasema wazi. Tunaoishi na haya maneno tunawapa bure, wao wanatakiwa kuyaingiza tu.

Na nikaanza kuwa na wasiwasi na maneno mengine, nikakaa jioni moja nikapima ishirini ya kilimo na maisha ya kijijini ninayoyajua vizuri. Yaliyokuwa na jina la kitu, jembe, ghala, zizi, yote iko sawa. Yaliyokuwa na kitendo chenye utaratibu wa watu ndani yake, kama kulima kwa kushirikiana, kumkopesha mtu ng'ombe amtunze anywe maziwa, kuacha shamba lipumzike, hapo inateleza, inakupa neno pana la juujuu linalofaa kila kitu. Kwa hiyo udhaifu wake naujua sasa uko wapi. Vitu inavijua, desturi haizijui. Mtu anayetafsiri barua za benki hatauona udhaifu huu hata miaka mitano, mtu anayetafsiri ripoti za vijijini atauona wiki ya kwanza, na wanaoumia sio yeye, ni wale wanaosomewa.

Nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezitoa kwa ajili ya kukosa mifano ya sentensi na kwa ajili ya kutosikiliza. Kama unasoma sekondari au unafanya kazi za ofisi nunua, elfu kumi na nane kwa mwaka sio nyingi na ile ya kutumia bila bando inalipa. Kama kazi yako inagusa mashamba ya watu nunua ukipenda lakini tafuta na kamusi ya karatasi, hata kuukuu, pale kwa wauza vitabu vya mtumba huwa hazikosi na bei mnaelewana, halafu ukikutana na neno lenye jibu la neno moja tu usilale nalo, mpigie mtu aliyekulia kijijini hata kama ni saa tano usiku. Mi sa hivi mama mkwe wangu yuko Mpwapwa nampigia, na anapenda sana, siku nyingine ananipigia mwenyewe kuuliza leo hakuna neno?

Ile ripoti niliirekebisha, nikaandika "kuokoteza masazo mashambani baada ya wenye mashamba kumaliza kuvuna, kama ilivyo desturi". Mwezi wa saba tulirudi pale kijijini kwa kazi nyingine, nikamwomba mwenyekiti dakika tano niisome tena ile sehemu mbele ya kinamama walewale. Bibi alikuwepo, kakaa kwenye kigoda, fimbo kailaza miguuni. Nilivyofika pale nikasimama nikamwangalia. Akasema "Hapo sawa mwanangu. Endelea kusoma."